Moto haupokei matabishi

Vijana wenzetu wa Lubumbashi, Likasi, Kolwezi, Bukavu, Uvira, Goma, na ninyi wote mnaopanda taksibisi kila asubuhi, mutusikilize.

Kuko swali moja ambalo kila shofere wa inchi hii analijua kwa moyo: "Ekstenkteri iko wapi?" Polisi wa rulaji anasimamisha gari, anainama ku dirisha, anauliza. Shofere anaingiza mkono chini ya kiti, anatosha mtungi mwekundu wenye vumbi, anauinua. Polisi anautazama sekunde mbili. Kama uko, anapita ku swali lingine: pembetatu, sanduku ya dawa, karatasi. Kama hauko, basi, tunajua sote namna mambo inaisha. Matabishi inapita ku dirisha na gari inaondoka na watu wake kumi na nane, bila kizimamoto, sawa vile ilikuja.

Lakini swali la maana haliulizwi. Huu mtungi unazima? Ulijazwa lini? Ukiwa umekaa pale nyuma, nani ataufikia wakati moto unawaka mbele?

Tunaandika juu ya lile swali lisiloulizwa. Tunasema wazi: katika inchi yetu kizimamoto kimegeuzwa kuwa karatasi ya njiani. Kinanunuliwa kwa ajili ya polisi, kinawekwa kwa ajili ya polisi, kinatoshwa kwa ajili ya polisi. Siku polisi hayuko na moto uko, hakina kazi. Na moto haupokei matabishi. Huwezi kuuambia "chefu, tusikilizane."

Kuko watakaosema: hawa vijana na diplome zao, wamekosa cha kufanya, sasa wanaandika juu ya mitungi. Ndiyo, tuko na diplome na hatuna kazi. Ndiyo maana tunakaa sana ku paking na tunaona. Tunaona bidoni ya esansi, ile ya kadhafi wa pembeni ya barabara, imefungwa na kipande cha mfuko na kuwekwa karibu na miguu ya wamama. Tunaona nyaya za batri zilizoshikwa na kamba. Tunaona mtu anawasha sigara mlangoni wakati shofere anatia mafuta. Vita na malaria vinaua, hatukatai. Lakini hakuna aliyesema tuchague kifo kimoja tu cha kupiganisha.

Tena tusifanye kama moto wa barabarani ni hadithi. Tarehe 2 Julai 2010, kule Sange, Kivu ya Kusini, lori la esansi lilipinduka. Watu wakakaribia, wengine kuchota, wengine kutazama tu. Moto ukawaka, wakafa zaidi ya watu 200. Tarehe 6 Oktoba 2018, kule Mbuba, Kongo Central, ku barabara ya Matadi na Kinshasa, lori la mafuta likagongana na gari lingine, wakafa watu 50 hivi. Hatutadanganya mtu: mtungi wa kilo 2 haungezima Sange. Mbele ya lori la mafuta lililopinduka, dawa ni moja: kimbia, wakimbize na wengine, usichote hata kikombe. Lakini moto mwingi wa gari hauanzi hivyo. Unaanza mudogo. Waya unaungua, mpira wa esansi unatoboka, tone linaangukia ku chuma cha moto. Kwa dakika ya kwanza ni moto wa kuzimwa na mtu mmoja mwenye mtungi mzuri. Dakika chache baadaye ni gari zima. Ile dakika ya kwanza ndiyo tunapigania.

Basi, tuseme mambo yenyewe. Mtu anayedai bila kujua anachodai, wakubwa wanamucheka.

Kwanza, kuchagua. Ku gari, kamata mtungi wa unga ulioandikwa herufi tatu: A, B na C. A ni moto wa vitu vikavu: kiti, nguo, karatasi, mpira. B ni moto wa vitu vya majimaji: esansi, mazuti, mafuta ya injini. C ni moto wa gazi. Ndani ya gari vitu vya A na B viko pamoja, kwa hiyo mtungi ulioandikwa BC peke yake unaacha kiti chako kinaungua. Mtungi wa maji ya kawaida usiutume ku esansi: maji yanasukuma esansi mbali na moto unatembea nayo. Ule wa gazi kaboniki ni mzuri ku ofisi yenye kompyuta, lakini ku gari haufai sana: nje upepo unapeperusha gazi, na ndani, milango ikiwa imefungwa, gazi ile inakula hewa ya watu.

Kipimo: kwa gari ndogo, kilo 1 ndio mwisho wa chini. Kwa taksibisi au jipu, kilo 2 au zaidi. Kwa lori na bisi kubwa, kilo 6. Na ujue kwamba mtungi wa kilo 1 unamwaga unga wake wote kwa muda wa sekunde 6 mpaka 10 hivi. Hesabu: moja, mbili, tatu... umekwisha. Ndiyo maana wale wanaonunua kile kichupa kidogo kinachofanana na dawa ya mbu wanajidanganya.

Ku karatasi ya mtungi, tazama namba zilizo mbele ya herufi, mfano 8A 34B. Namba ikiwa kubwa, mtungi unaweza moto mukubwa zaidi. Tazama tena kama kuko maandishi EN 3, ambayo ni kanuni ya Ulaya kwa mitungi ya kubebwa na mkono. Mtungi usio na karatasi, usio na mwaka, usio na jina la aliyeutengeneza, ni chuma kilichopakwa rangi nyekundu. Mwachie muuzaji.

Kisha tazama mambo matatu, na haya hata mtoto wa shule anaweza. Kisaa cha presio: mushale uko ku kijani? Ukiwa ku nyekundu upande wa sifuri, mtungi umekufa. Pini na kifungo chake cha plastiki: viko fasi yao? Kama kifungo kimekatika, mtu alishautumia au aliujaribu, na mtungi wa unga uliofunguliwa hata mara moja presio inatoka polepole. Mpira na mdomo wake: hakuna ufa, hakuna buibui ndani? Mambo matatu, sekunde kumi. Polisi anayesimamisha gari dakika ishirini hawezi kukosa sekunde kumi.

Jambo lingine ni la barabara zetu. Mashimo yanatikisa mtungi kila siku, unga unashuka chini na kushikamana sawa na simenti. Mushale unaonyesha kijani, lakini ukibonyeza inatoka hewa. Kwa hiyo mara moja kwa mwezi, utoshe mtungi, uugeuze kichwa chini, uupige polepole na kiganja, usikie unga unatembea ndani. Hiyo haiombi franka hata moja.

Pili, kuufunga. Hapa ndipo watu wengi wanakufa na mtungi mzuri ndani ya gari.

Mtungi uliolazwa chini ya kiti bila kufungwa ni adui. Unabingirika, unaingia chini ya pedali ya freni, na shofere anakanyaga chuma. Gari ikigonga, mtungi wa kilo mbili unaruka sawa na jiwe la manati na unatafuta kichwa. Mtungi uliowekwa ku koferi nao hausaidii: gari ikigongwa nyuma, koferi haifunguki. Mtungi ulioachwa juu ya dashibodi au nyuma ku kioo unapigwa na jua la saa sita. Mitungi mingi imeandikwa mwisho wa joto lake, mara nyingi digri 60, na dashibodi ya gari lililofungwa juani inaweza kupita pale.

Na zile Hiace zinazotubeba kila siku? Injini yake iko chini ya viti vya mbele. Mulisoma vizuri: chini ya viti vya mbele. Kwa hiyo shofere wa Hiace anayeficha mtungi chini ya kiti chake ameuweka juu ya jiko. Moto ukianzia ku injini, mtungi njo wa kwanza kuungua. Fasi yake ni pembeni ya mlango wa mbele, chini, au ku chuma karibu na mlango wa abiria, pale mtu aliyesimama nje anaweza kuingiza mkono na kuukamata. Kama gari ni kubwa, mbili: moja karibu na shofere, moja karibu na mlango wa abiria. Tena kumbukeni, Hiace nyingi zilitoka inchi za usukani wa kuume. Zile ambazo hazijabadilishwa, mlango wa abiria unafungukia upande wa kushoto, katikati ya barabara. Watu wanaotoka wakikimbia moto wanatokea mbele ya magari mengine. Konvwayeri anapashwa kuruka wa kwanza na kusimamisha magari. Hilo nalo linafundishwa, halitoki mbinguni.

Kwa gari ndogo, fasi nzuri ni chini mbele ya kiti cha abiria wa mbele, ku chuma kinachobeba kiti, au pembeni ya kiti cha shofere pale mkono unafika bila kufungua mkanda kwanza. Usizuie mkanda, usizuie mlango, usiweke mbele ya mfuko wa hewa.

Kuufunga kwenyewe: tumia mkono wa chuma uliokuja na mtungi, wenye ukanda wa chuma na kifungio cha kuvuta mara moja. Gundi hapana. Kamba hapana. Waya wa kufungia kuku hapana, ju siku ya moto utatafuta koleo. Skrubu fupi ndani ya plastiki inatoka yote siku gari inagonga. Weka bulo inayopita chuma, na rondele pana upande wa chini, na ekru iliyokazwa. Mbele ya kutoboa, lala chini ya gari, tazama: usitoboe mpira wa esansi, bomba ya freni wala nyaya. Fundi wa kuchomelea vyuma wa kwenu anaweza kutengeneza mkono wa chuma kwa bei ndogo, lakini asichomelee kitu chochote ku mwili wa mtungi. Ule una presio. Ukiisha kufunga, jaribu: funga macho, hesabu, utoshe. Kama inapita sekunde tano, tafuta fasi ingine.

Tatu, kuutumia. Simamisha gari, zima injini, vuta freni ya mkono, tosha watu wote. Watu kwanza, gari baadaye. Simama mita mbili au tatu, upepo ukiwa mgongoni. Tosha pini. Elekeza mdomo chini, ku mzizi wa moto, siyo ku moshi. Bonyeza, piga huku na huku sawa mtu anafagia. Moto ukiwa chini ya kapo, usifungue kapo yote: hewa ikiingia moto unakurukia uso. Fungua nafasi ndogo tu, upulizie pale. Mtungi ukiisha na moto ungali unawaka, acha. Rudi mbali, mita 50 hivi, na watu wako wote. Gari inanunuliwa.

Sasa tunajua jibu. "Vijana, maneno yenu ni mazuri, lakini hatuna makuta." Tufanye hesabu pamoja. Tuseme shofere anaacha franka 2 000 ku njia kila siku ya kazi. Siku 6 kwa wiki, wiki 52: ni franka 624 000 kwa mwaka. Pesa ile ingenunua mtungi mzuri, mkono wake wa chuma, bulo zake, na ingine ikabaki. Pesa iko. Inapita ku dirisha. Maskini wa inchi hii analipa usalama mara mia, na hapewi hata mara moja.

Na mwenye gari je? Shofere analeta verseme kila jioni. Siku haijatimia, anafukuzwa. Mtungi ukikosa, anaambiwa ajitafutie. Tunasema hapana. Gari ni ya patroni, faida ni ya patroni, mtungi nao ni wa patroni. Shofere anauza jasho yake, hakuuza ngozi yake.

Kuko pia wale wanaosema: "Mungu atatulinda." Tunasali nao. Lakini ku gari ileile wanayoiombea, wanafunga milango na kufunguo usiku. Kama Mungu hakatazi kufunguo, hakatazi bulo mbili na mtungi.

Kuhusu serikali, tusizunguke. Kodi ya barabara yetu ni sheria namba 78-022 ya tarehe 30 Agosti 1978. Sisi hatukuwa tumezaliwa, wazazi wetu wengine walikuwa bado ku shule ya msingi. Katiba ya 2006, ku kipengele cha 16, inasema mtu ni kitu kitakatifu na serikali ina wajibu wa kumuheshimu na kumulinda. Kulinda siyo kusimama ku njia na kuuliza kitu bila kukitazama. Kwa hiyo tunadai:

1. Polisi wa rulaji wakague kisaa, pini na tarehe ya mtungi, na namna ulivyofungwa. Shofere ambaye mtungi wake ni mzima aachiwe aende. Ambaye ni mbovu apewe karatasi yenye siku za kutengeneza. Faini ikiwepo, ilipwe ku benki na risiti. Hakuna franka inayopita ku dirisha.

2. Meya na gavana wafungue, ku kila komine, fasi moja ya kupima na kujaza mitungi, bei imeandikwa ukutani. Kazi ile ifundishwe vijana. Tuko maelfu tuliosoma kemia, fizikia, umeme na mekanike, na tunakaa bule.

3. Ofisi ya Congo ya Kukagua bidhaa, ile OCC, itazame mitungi ku mipaka na ku masoko. Chuma tupu kilichopakwa rangi kisiuzwe kama dawa ya moto.

4. Wenye magari wanunue mitungi kwa makuta yao, bila kukata ku mshahara wa shofere.

Na hatutangoja tukikaa. Kipengele cha 27 cha Katiba kinampa kila Mukongomani haki ya kuandikia mamlaka ombi, peke yake au pamoja na wengine, na mamlaka inapashwa kujibu ndani ya miezi 3. Tunaandika ombi hili. Tutapita nalo ku paking, kwa mashofere, kwa wakonvwayeri, kwa wamama wa soko, kila mtu atie saini. Bila fujo, bila jiwe, bila kuchoma hata taipa moja. Siku barua itapokelewa ku ofisi, tutaanza kuhesabu ile miezi mitatu, na tutahesabu kwa sauti.

Lakini ninyi wasomaji, kazi yenu inaanza mbele ya barua. Kesho ukifika ku paking, mbele ya kuweka mguu ndani, uliza kwa heshima: "Papa shofere, kizimamoto kiko wapi? Nikione." Usimutukane, yeye pia anataka kurudi nyumbani jioni. Tazama mushale. Kama ni kijani na mtungi umefungwa vizuri, mushukuru na umwambie wenzake. Kama hakuna, mwambie utapanda ile ya nyuma yake. Mtu mmoja akifanya hivyo, shofere atacheka. Watu kumi wakifanya, shofere atapigia patroni simu. Paking nzima ikifanya, patroni atatafuta mtungi mbele ya jua kuzama, bila sheria mupya, bila hotuba, bila kamisheni ya Kinshasa.

Polisi aliuliza miaka yote na hakutazama. Sasa tuulize sisi, na tutazame.